Mahali Maji Yanapozuiwa: Utangulizi wa Elimu ya Viungo vya Bafuni

Kati ya ukuta wa bafu na maji yanayokumwagikia kichwani kuna viungo vitatu. Cha kwanza kimefichwa ukutani, pale mkono wa shawa unapoingia kwenye elbo iliyozikwa nyuma ya marumaru. Cha pili kinaonekana: ni pale kichwa cha shawa kinapofungwa kwenye ncha ya mkono huo. Cha tatu kimo shingoni mwa kichwa chenyewe, ile gololi inayokiwezesha kugeuzwa huku na huku. Mwenye shawa ya kushika mkononi, au bomba la kuchambia lililotundikwa kando ya choo, ana viungo zaidi, ila hana kiungo cha aina mpya. Elimu ninayomkaribishia msomaji imejengwa juu ya swali moja, linaloulizwa upya kwa kila kiungo: hapa, maji yanazuiwa na nini?

Swali linaonekana jepesi mno kuitwa elimu. Lakini ingia katika nyumba nyingi zilizojengwa juzijuzi uangalie juu ya bafu. Utaona shawa imezungushiwa tepu nyeupe mpaka shingo imevimba, na bado inadondosha. Aliyeifunga hakuwa mvivu. Aliweka kizuizi mahali ambapo maji hayazuiwi.

Fani hii imekaa mpakani, na mpaka wenyewe ni mita ya maji. Chuo cha Maji kilichoko Ubungo, Dar es Salaam, kimekuwa kikitoa mafundi sanifu wa maji tangu miaka ya 1970, na macho ya wengi wao yako kwenye visima, mitambo na mitandao ya mabomba. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa Sheria namba 5 ya mwaka 2019, hauingii bafuni mwa mtu. Wahandisi wa haidroliki wana mito yao na mabwawa yao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ndiko elimu hii inakofundishwa kwa mikono, chini ya jina la ufundi bomba, na ninakiri kwamba kijana aliyemaliza huko hujua mengi ambayo hayajaandikwa popote kwa Kiswahili. Kuanzia mita hadi kichwani mwa muogaji, maandishi ni machache na maneno ya dukani ni mengi. Wasomi tumelikimbia eneo hili kwa sababu tu vifaa vyake ni vidogo.

Ninaiweka Ubaruku mbele ya msomaji kwa makusudi. Ni mji wa mpunga katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kwenye tambarare za Usangu, unaoufikia kwa kuchepuka kutoka barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anayewaza bafu anawaza maji ya moto. Usangu iko chini kwa mamia ya mita, jua lake ni kali, na maji ya baridi yanapendwa karibu mwaka mzima, labda ukitoa alfajiri za Juni na Julai. Wengi wa mbali walilisikia jina la eneo hili kwa sababu ya mpira: Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, timu ya Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kuukata mfululizo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mpira wa utangulizi huu ni mdogo zaidi, una tundu katikati, na ukikaa vibaya hakuna refa wa kulalamikiwa.

Sababu ya kweli ya kuichagua Ubaruku ni maji yenyewe. Mito inayoshuka kutoka milimani, Mbarali ukiwa mmojawapo, hupita Usangu, huingia Ruaha Mkuu na ardhioevu ya Ihefu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mwisho mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na kidole kikaelekezwa kwa wakulima wa mpunga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Uingereza wameandika marundo ya kurasa juu ya banio hili na mfereji ule, nani anachukua kiasi gani na kiasi gani kinapotea njiani. Ni maandishi mazuri. Hakuna hata ukurasa mmoja juu ya maji yanayopotea nyuma ya marumaru katika nyumba ambazo mpunga huohuo umezijenga.

Nao wakazi wa Ubaruku hawahitaji kufundishwa jinsi maji yanavyotoroka. Mkulima akikuta jaruba limepungua usiku, hakimbilii penye tope nje ya tuta. Hutembea juu ya tuta akitafuta tundu la panya upande wa ndani, kwa kuwa maji hutokea mbali na yalikoingilia. Bafuni mambo ni yaleyale. Tone linaloanguka kutoka ukingo wa chini wa kichwa cha shawa mara nyingi limeanzia kwenye nati ya juu, likateleza juu ya kromu bila kuonekana, na kuanguka lilipokosa pa kushika. Unyevu unaoonekana chini ya ile sahani inayofunika tundu la ukutani huenda umetoka kwenye elbo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, kufungua maji, na kutazama kuanzia juu kwenda chini mpaka ulione tone la kwanza linapozaliwa.

Tuje kwenye kipimo, kinachomchanganya kila mgeni wa fani. Dukani utaomba shawa ya nusu, elbo ya nusu, koki ya nusu, na vyote vitaingiliana. Nyumbani ukichukua rula na kupima thredi ya nje utapata karibu milimita 21, ilhali nusu inchi ni milimita 12.7. Hakuna aliyekupunja. Nusu hiyo ilihusu tundu la ndani la bomba la chuma la zamani. Chuma kilikuwa kinene, na thredi ikakatwa juu ya mgongo wake wa nje. Baadaye mabomba yakawa membamba, plastiki ikaingia, lakini thredi haikuguswa, kwa sababu kuigusa kungemaanisha kutupa kila koki iliyokwisha kufungwa duniani.

Aliyeanzisha nidhamu hiyo ni Mwingereza Joseph Whitworth. Kabla yake kila karakana ilikata thredi kwa mtindo wake, na nati ya karakana hii haikuingia kwenye bolti ya karakana ile. Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza umbo moja, lenye pembe ya digrii 55 kati ya mteremko na mteremko. Thredi za mabomba zikafuata umbo hilo, na bomba la nusu inchi likapewa thredi 14 katika kila inchi ya urefu. Biashara na himaya ya Uingereza zilieneza kipimo hicho katika sehemu kubwa ya dunia, nasi tukiwamo. Viwanda vya China, vinavyotuletea sehemu kubwa ya shawa zilizoko madukani leo, hukata thredi hiyohiyo ya Whitworth.

Tazama boksi la shawa. Mahali fulani pameandikwa G1/2. Herufi hiyo ina habari nyingi kuliko picha ya mwanamke anayetabasamu chini ya maji. G ni thredi iliyonyooka, yenye kipenyo kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenzake ni R, thredi iliyochongoka, ambayo kipenyo chake hupungua kwa milimita 1 katika kila milimita 16 za urefu. Jicho halioni tofauti hiyo kwa urahisi. Mkono huihisi, kwa sababu iliyochongoka hukaza kadiri inavyoingia na iliyonyooka huzunguka kwa ulaini mpaka inapogota. Sasa tumefika kwenye kiini cha fani nzima, kwa kuwa aina hizo mbili huzuia maji mahali tofauti.

Thredi iliyochongoka huzuia maji ndani ya thredi zenyewe. Dume linabanwa ndani ya jike, metali kwa metali. Lakini hakuna mashine inayokata kwa usahihi wa kutosha, na kati ya ncha za thredi moja na mabonde ya nyingine hubaki njia nyembamba inayozunguka kutoka mwanzo wa kiungo hadi mwisho. Maji huifuata taratibu na kutokea nje. Hiyo ndiyo njia ambayo tepu huziba. Zamani mafundi walitumia nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya mafuta, na wapo wazee wanaozipendelea hadi leo. Tepu nyeupe imetokana na ugunduzi wa bahati: tarehe 6 Aprili 1938, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, Marekani, alifungua mtungi uliotakiwa kuwa na gesi akakuta ndani mna unga mweupe unaoteleza. Utelezi huo ni nusu ya faida ya tepu. Huziba mwanya, na vilevile huiwezesha metali kuingia ndani zaidi kabla ya kukwama.

Kuizungusha kuna taratibu zake. Shika ncha ya thredi ikutazame, kisha zungusha tepu kufuata mwendo wa mshale wa saa, ili kiungo kinapokazwa tepu nayo ikazwe badala ya kufunuka. Acha thredi ya kwanza wazi. Kipande kinachoning'inia mbele hukatika na kwenda kuziba matundu ya shawa. Vuta tepu ijikaze mpaka umbo la thredi lionekane chini yake. Mizunguko mitano ya tepu ya kawaida hutosha kwa nusu inchi, na kama tepu ni ile nyepesi inayopitisha mwanga, ongeza miwili au mitatu. Kaza kwa mkono mpaka mwisho wa nguvu zako, kisha malizia kwa spana.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wazuri hulifanya bila kulieleza. Mkono wa shawa lazima uishie ukitazama chini. Ukiupitisha kidogo, mkono wako utatamani kuurudisha nyuma kwa robo mzunguko. Usifanye hivyo. Tepu ikishabanwa na kukaa, kuizungusha kinyume huichana na kufungua tena njia ile nyembamba, na uvujaji utaonekana kesho yake, fundi akiwa amekwishaondoka. Ama uendelee mbele mzunguko mzima kama kiungo kinaruhusu, ama utoe mkono wote, usafishe thredi zote mbili na kuanza na tepu mpya. Katani ilivumilia kurudishwa nyuma, na ndiyo sababu wale wazee hawajaiacha.

Thredi iliyonyooka, ile ya G, haizuii maji hata kidogo. Kazi yake ni kusukuma. Ndani ya nati ya kichwa cha shawa kuna mpira bapa, na nati inapokazwa mpira huo hugandamizwa kwenye uso wa mbele wa mkono. Maji yanazuiwa hapo, kwenye ukingo wenye upana wa milimita chache, na hayapaswi kuzifikia thredi kabisa. Sasa fikiria tepu mizunguko kumi imewekwa juu ya thredi hizo. Nati inakaza mapema kwa sababu ya unene wa tepu, fundi anahisi imefika mwisho, kumbe mpira haujaguswa. Maji yanaupita mpira kando, yanazifikia thredi ambazo hazikutengenezwa kuyazuia, na tone linatokea. Mwenye nyumba anaongeza tepu.

Dawa yake ni kutoa tepu yote, kuchungulia ndani ya nati na kuuangalia mpira. Je, upo? Mara nyingi umebaki kwenye shawa ya zamani au umedondoka kwenye boksi. Umelala bapa au umejikunja? Uko mmoja? Kuweka miwili kwa ajili ya usalama huifanya yote miwili iteleze. Uso wa mkono unaokutana nao ni laini, au una makovu ya spana na chokaa iliyoganda? Ukisharidhika, kaza kwa mkono, kisha sogeza kidogo tu kwa spana malaya, ukiwa umeizungushia nati kitambaa ili kromu isichubuke. Nati ya plastiki iache kwenye nguvu ya mkono. Mabomba ya kunyumbulika, yakiwamo ya kuchambia, yana mpira kila upande na kanuni ni hiihii.

Mkono mmoja wa shawa, basi, una ncha mbili zenye sheria mbili: upande wa ukutani tepu, upande wa kichwa mpira. Kiungo cha tatu, gololi ya shingoni, kina mpira wa mviringo uliokaa kwenye mfereji wake, na kikianza kuvuja hakuna tepu itakayokisaidia. Kwenye shawa za bei ndogo gololi haifunguki. Nunua nyingine.

Kwa kanuni hiyohiyo unaweza kutabiri kitakachompata mgeni anayekuja na shawa kwenye begi kutoka Marekani. Thredi ya nusu inchi ya huko nayo ina 14 kwa inchi, ila pembe yake ni digrii 60. Kichwa kitaingia kwenye mkono uliopo, na kama mpira wake umegusa sawasawa huenda kisivuje, kwa kuwa thredi hazihusiki na kuzuia maji. Mkono wa Kimarekani ukiulazimisha kwenye elbo ya ukutani ni habari nyingine. Digrii 55 na 60 hazikutani popote isipokuwa kwa ncha, na tepu itakuwa inabeba kazi ambayo haikuumbiwa.

Ukutani ndiko penye hasara kubwa. Kichwa kikivuja utapoteza maji na usingizi. Kwa kipimo cha matone 20 kwa mililita ambacho manesi hutumia kwenye dripu, tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 kila baada ya siku tano. Elbo ikivuja nyuma ya marumaru utapoteza ukuta. Kwa hiyo kabla ya kuushika mkono wa zamani na kuuzungusha, jua nyuma yake kuna bomba gani.

Nyumba za zamani zina mabomba ya chuma. Thredi zake huota kutu zikashikana, na ukilazimisha, kinachokatika huenda kikawa ni bomba lenyewe ndani ya saruji. Mafuta ya kulainisha kutu, subira ya saa kadhaa na kupigapiga kwa upole hufanya kazi kuliko nguvu. Kwenye PVC hatari ni ya kinyume: plastiki hiyo hupasuka pale dume la metali, lililonenepeshwa kwa tepu nyingi, linapokazwa ndani yake. Ufa huwa mwembamba kiasi kwamba unaweza kukaa wiki nzima bila kuonekana.

Nyumba mpya nyingi zina PPR, yale mabomba ya kijani au meupe yanayochomelewa kwa mashine ya moto kwenye nyuzijoto zipatazo 260. Viungo vyake vya kuchomelea ni imara kuliko chochote nilichokitaja. Vikichomwa vizuri, bomba na elbo huwa kitu kimoja. Udhaifu uko pale plastiki inapokutana na metali. Elbo ya shawa ina kipande cha brasi chenye thredi kilichoshikwa ndani ya plastiki, na mtu akiukaza mkono kwa spana ndefu anaweza kukizungusha kipande hicho ndani ya plastiki yake, au kuisokota elbo nzima ikiwa fundi hakuifunga ukutani kwa skrubu kabla ya kupiga lipu. Ikizunguka namna hiyo hakuna tiba isipokuwa kuvunja marumaru. Ndiyo maana mkono wa shawa hutolewa kwa mwendo ulionyooka, mikono miwili, bila kuukandamiza chini, na ukikataa kabisa, aitwe fundi mwenye mashine ya PPR kabla ya jambo kuharibika na si baada yake.

Kuna pia suala la kina. Elbo hufungwa kabla ya lipu na marumaru, na aliyeifunga hukisia unene wa vitu ambavyo bado havipo. Akikosea, thredi inazama sentimita mbili nyuma ya uso wa ukuta na mkono unashika mizunguko miwili tu. Ugomvi wa fundi bomba na fundi marumaru ungeweza kujaza kitabu. Suluhisho ni kipande cha kurefushia thredi, cha brasi, na si tepu nyingi. Unapokinunua, chungulia ndani ya thredi: brasi ni ya manjano, aloi ya zinki ni ya kijivu, na kromu ya nje haisemi ukweli.

Baada ya kufunga mkono, kabla ya kuweka kichwa, fungua maji yatoke ovyo kwa dakika moja. Usangu ina masika yenye mito ya tope, na matangi huhifadhi mchanga chini. Maji yakikatika na kurudi, yanakuja na takataka zote zilizotulia bombani. Zitoke kwenye tundu pana kuliko kwenye matundu madogo ya shawa mpya.

Lipo lalamiko ambalo halihusu uvujaji ila huletwa pamoja nalo: shawa mpya, nzuri, pana, na maji yanatoka kwa kulegea. Jibu liko juu ya paa. Presha ya maji ya mserereko inategemea kimo peke yake: kila mita 1 ya kimo huongeza takriban bar 0.1. Ukubwa wa tangi haumo kwenye hesabu. Simtanki la lita 5,000 na la lita 500 yakikaa kwenye mnara mmoja na maji yakiwa kwenye kimo kimoja, yanasukuma sawa. Tangi ambalo uso wa maji yake uko mita 3 juu ya kichwa cha shawa linatoa bar 0.3, na shawa nyingi pana zimebuniwa kwa ajili ya bar 1 au zaidi, yaani mita 10 za kimo. Tena kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha kimo, jambo ambalo Mwitaliano Torricelli alilieleza katika karne ya 17: ukitaka maji mara mbili, kimo kinatakiwa mara nne. Kuongeza mnara kwa tofali mbili hakubadilishi kitu.

Badala yake chagua kichwa kidogo chenye matundu mapana, tumia bomba la kushuka la milimita 25 badala ya 20, punguza elbo, na chungulia shingoni mwa shawa mpya. Mara nyingi mna kidude cha plastiki chenye tundu dogo, kilichowekwa kupunguza maji kwa sababu ya sheria za nchi nyingine. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha takriban lita 9.5 kwa dakika. Kwenye tangi la Ubaruku kikomo hicho kimekwishawekwa na kimo. Kitoe kidude hicho, ila mpira uubakize.

Msomaji asidhani bafu lenye maji ya kuletwa ni jambo la jana katika nchi hii. Kasri la Husuni Kubwa huko Kilwa, la mwanzoni mwa karne ya 14, lilikuwa na bwawa la kuogea la pembe nane. Unguja, Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, iliyokamilika mwaka 1850, na mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga ile ya Hamamni na kuleta maji ya chemchemi mjini. Chokaa ndiyo ilizuia maji katika majengo hayo. Nyanda za Juu Kusini zina historia yao, na ni ya mserereko: mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400, na mwaka 1982 ukatoka Mpango Mkuu wa Maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya kwa msaada wa Denmark. Kipimo cha mafanikio kilikuwa kilula kijijini. Bafu la ndani halikufikiriwa, na ninaamini hiyo ni sababu mojawapo ya elimu yake kutokuwa na kitabu.

Kuhusu shawa za umeme, zinazopendwa Mbeya mjini na Iringa, nitasema machache. Upande wa maji ni uleule, thredi ya nusu na mpira wake. Upande wa umeme, shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 24 hivi kwenye volti 230, mzigo ambao waya wa soketi ya kawaida haukukusudiwa kuubeba, na waya wa ethi si wa hiari. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Hata unapobadilisha mpira tu, zima kwenye bodi ya swichi kwanza.

Kazi ikiisha, usiiamini papo hapo. Kausha viungo, vizungushie karatasi ya chooni, fungua maji na uondoke. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Kwa mabomba ya ukutani yaliyo kabla ya koki ya shawa, funga kila koki ya nyumba na utazame kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, kuna mahali maji yanakwenda.

Na ikiwa shawa inadondosha baada ya maji kufungwa, viungo vyote vikiwa vikavu, usikibadilishe kichwa. Matone ya dakika chache za mwanzo ni maji yaliyobaki ndani yake, na kukiinamisha huyamaliza. Yakiendelea saa nzima, mwenye makosa ni koki iliyoko chini. Ile ya mizunguko mingi ina mpira chini ya mhimili wake, unaopatikana katika kila duka la vifaa. Ile ya nusu mzunguko ina vigae viwili vya kauri vinavyosuguana, na hubadilishwa kwa kung'oa kiini kizima. Hapo nidhamu ya Whitworth haikufika: viini hutofautiana kwa urefu, unene na idadi ya meno yanayoshika mpini, hata kwa koki zinazofanana kwa nje. Funga maji ya tangi, kitoe cha zamani, kifute, na uende nacho dukani mfukoni.